Dini na Malimwengu katika Maandishi ya Afrika ya Mashariki

Neno malimwengu ni la zamani katika ushairi wa Kiswahili. Washairi wa pwani walilitumia walipotaka kutaja mambo ya dunia hii, yaani mali, cheo, anasa na fahari, ambayo humpumbaza mwanadamu hata akasahau mwisho wake. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, alipotunga Al-Inkishafi, aliyatazama magofu ya Pate akauhoji moyo wake kwa nini unaipenda dunia isiyodumu. Vita alivyovieleza ni vya ndani: mshitaki ni mtu, na mshitakiwa ni moyo wa mtu huyo huyo. Imani yenyewe haikutiwa shakani, wala mshairi hakudhani kwamba mwanadamu aweza kuyapanga maisha yake yote pasipo kumtaja Mungu.

Katika maandishi ya bara, yaliyotungwa na watu waliolelewa katika shule za Kikristo, jambo hili limegeuka sura. Malimwengu hayakubaki kuwa kishawishi kinachompata muumini njiani. Yamekuwa utaratibu kamili wa maisha, wenye mshahara wake, chama chake, ofisi yake na saa yake ya ukutani. Katika utaratibu huo mtu hupima haki na makosa yake pasipo kumwuliza Mungu wala wahenga. Na mshitakiwa naye amebadilika. Si moyo tena. Ni kanisa, ni shule, ni baba, ni mume. Yafaa kuuliza mageuzi haya yametoka wapi, na watungaji wenyewe wamelitendea haki jambo hili kwa kadiri gani.

Aghalabu wahakiki husema kwamba vita vinavyoelezwa katika maandishi haya ni kati ya dini ya kigeni na mila za wenyeji. Usemi huo una kweli, lakini ni nusu ya kweli. Mahali penye watu wawili wanaogombana uwanjani, msomaji aweza asimwone wa tatu aliyesimama pembeni, naye ndiye atakayeondoka na mali ya wote wawili. Huyo wa tatu ndiye malimwengu. Hakuja kwa njia yake mwenyewe. Aliingia kwa mlango ule ule ulioingiza Injili, nao ni mlango wa shule.

Katika Buganda wafuasi wa kwanza wa dini mpya waliitwa abasomi, na katika nchi ya Wakikuyu waliitwa athomi. Maana ya majina yote mawili ni wasomaji. Kubatizwa na kujua kusoma yalihesabiwa kuwa jambo moja. Mtoto aliyepelekwa kwa wamisionari alipewa katekisimu kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili alipewa hesabu, jiografia na lugha ya ofisini. Walimu walidhani kuwa mkono wa pili ni mtumishi wa mkono wa kwanza. Hawakutazamia kwamba siku moja mtumishi atajenga nyumba yake, na kwamba vijana watakwenda kumwamkia huko pasipo kupita kwa bwana wake wa zamani.

Mwaka wa 1929 jambo hili lilidhihirika katika nchi ya Wakikuyu. Misheni ya Kanisa la Scotland na misheni nyingine zilipowataka waumini waikane tohara ya wasichana, watu wengi walitoka katika makanisa hayo. Lakini hawakukiacha kitabu. Walijenga shule zao wenyewe, wakatafuta walimu wao, na baadhi yao wakaanzisha makanisa yao pia. Hawa hawakumkana Mungu. Walichokataa ni mamlaka ya misheni. Walakini tangu wakati ule ilionekana wazi kwamba shule yaweza kusimama pasipo mmisionari, na kwamba elimu yaweza kutafutwa kwa ajili ya elimu, au kwa ajili ya kazi, au kwa ajili ya siasa.

Habari hizo ndizo msingi wa riwaya ya Ngugi wa Thiong'o iitwayo The River Between, iliyopigwa chapa mwaka 1965. Humo mna migongo miwili ya milima, Kameno na Makuyu, na katikati yake hupita mto Honia. Makuyu ni kwa Joshua, mhubiri mkali. Kameno ni kwa wanaoshika mila. Mzee Chege anampeleka mwanawe Waiyaki katika misheni ya Siriana, naye anamwagiza ajifunze hekima ya wageni lakini asifuate mienendo yao. Agizo hilo lina busara, na lina kosa kubwa ndani yake. Chege anadhani kwamba elimu ni jembe, kwamba mtu hulichukua shambani na kulirudisha nyumbani, naye amebaki vile vile. Waiyaki anarudi si mtu wa Kameno tena wala si mtu wa Joshua. Amekuwa mtu wa shule. Anaamini kwamba shule zikiwa nyingi watu watapatana, na hajui la kuwajibu watu wanapomwuliza watapatana juu ya nini.

Katika riwaya hiyo aliyeona mbali kuliko wote ni msichana Muthoni, binti Joshua. Anataka awe Mkristo, na pia awe mwanamke kamili mbele ya watu wake, kwa hiyo anakwenda kutahiriwa pasipo ruhusa ya babaye. Jeraha lake halikupona, akafa. Baba yake alikwisha kumhesabu kuwa si mwanawe tena. Watu wa mila nao wanayo maelezo yao juu ya kifo hicho, na misheni inayo yake, na kila upande unakitumia kuthibitisha yale uliyoyasema tangu zamani. Swali la Muthoni halijibiwi na upande wowote. Njia mbili zilimshinda fisi, husema watu. Lakini Muthoni hakushindwa na tamaa ya fisi. Alishindwa kwa kuwa hapakuwa na mtu mwingine aliyekuwa tayari kulichukua swali lake.

Mwaka mmoja baada ya riwaya hiyo, yaani mwaka 1966, Okot p'Bitek wa Uganda alitoa utungo wake mashuhuri, ambao baadaye ulitafsiriwa kwa Kiswahili kwa jina la Wimbo wa Lawino. Msemaji ni Lawino, mwanamke wa Kiacholi asiyejua kusoma, anayemlalamikia mumewe Ocol, msomi wa Makerere, aliyemdharau akamfuata Clementina, mwanamke wa kisasa. Wasomaji wengi wamemchukua Lawino kuwa wakili wa mila dhidi ya dini. Wakimsoma tena polepole wataona kwamba mashitaka yake makubwa ni mengine.

Lawino anasimulia jinsi alivyokwenda katika mafundisho ya jioni ili abatizwe. Alitakiwa kukariri maneno asiyoyaelewa, na aliyewafundisha hakutaka kuulizwa. Nje ngoma ilikuwa ikilia. Lawino akatoka akaenda kucheza. Haondoki kwa sababu amelishinda neno la padre kwa hoja. Anaondoka kwa sababu hakupewa neno lo lote la kushinda au kushindwa nalo. Baadaye, akiwa mke wa msomi, anauliza maswali ambayo mtu ye yote mwenye akili angeyauliza juu ya kuumbwa kwa ulimwengu na juu ya kuzaliwa kwa Kristo. Mume wake anakasirika. Ocol haoni kwamba mkewe ndiye peke yake nyumbani mle anayelitafakari jambo la Mungu.

Swali la maneno halikuwa mchezo kwa mtungaji huyu, kwa kuwa alikuwa pia mtaalamu wa dini za Kiafrika. Katika kitabu chake cha mwaka 1970 juu ya dini hizo na wataalamu wa magharibi, alieleza jinsi mapadre wa Kiitalia walivyowauliza wazee wa Kiacholi, mwaka 1911, ni nani aliyewaumba. Lugha yao haikuwa na neno la kuumba kwa maana ile, na swali likawafikia wazee kana kwamba wanaulizwa ni nani awafinyangaye. Wakamtaja Rubanga, kwa kuwa ndiye aliyesemekana kumkunja mtu mgongo kwa maradhi ya uti wa mgongo. Basi jina la mleta kibyongo likawa jina la Mungu wa Wakristo. Lawino anapouliza maswali yake juu ya huyo Mwenye Kibyongo, msomaji hucheka. Kisha kicheko humkwama, maana watu waliomba kwa jina hilo wakati wa msiba.

Ni haki kukumbuka kwamba hata ndani ya Kanisa Katoliki kilio cha namna hii kilikuwa kimekwisha kusikika. Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano, uliokaa toka mwaka 1962 hata 1965, ulifungua njia ya kutumia lugha za wenyeji katika ibada, kwa hati yake juu ya liturujia iliyotolewa Desemba 1963. Kwa hiyo Lawino na maaskofu walikuwa wakisema jambo moja kwa wakati mmoja, ijapokuwa kwa lahaja mbalimbali: kwamba sala isiyoeleweka haimshiki mtu.

Lakini mashitaka makubwa ya Lawino yanamhusu Ocol mwenyewe. Ocol anajiita Mkristo, amechukua majina marefu ya ubatizo ambayo Lawino hawezi kuyatamka sawasawa, naye ameyakataza majina ya asili. Basi Ukristo wake uko wapi? Uko katika usafi wa nyumba, katika vitabu vilivyojaa chumbani, katika saa inayopangia hata mtoto wakati wa kunyonya, na katika chama cha siasa kinachomfanya amchukie ndugu wa tumbo moja. Msomaji humwona Ocol akichukia uchafu mara nyingi kuliko anavyomwona akimcha Mungu. Dini kwake imekuwa alama ya cheo. Ameacha mila kwa jina la kanisa, na ndani ya kanisa ameingiza malimwengu matupu, pasipo yeye mwenyewe kujua. Hili ndilo jambo zito katika Wimbo wa Lawino: mtu aweza kuipoteza imani yake akiwa ameketi kanisani, naye akadhani ameipata.

Upungufu wa utungo huo ni kwamba kijiji cha Lawino kimesafishwa mno. Kina ngoma, kina vibuyu, kina hekima ya wazee na kina majonzi yake pia, lakini hakina mtu anayeonewa na mila zenyewe. Kwa hiyo Lawino anashinda kwa ulimi pasipo kuulizwa swali gumu. Ocol alipopewa wimbo wake mwaka 1970 hakulijibu swali, alitukana tu. Hapo msomaji huona kwamba msomi huyu, baada ya miaka yote ya shule, hana kitu cha kutetea isipokuwa chuki yake juu ya alikotoka.

Tamthilia ya Ngugi iitwayo Mtawa Mweusi inamfuata msomi wa namna hii mpaka mjini. Ilichezwa kwa mara ya kwanza Kampala, Novemba 1962, wakati Uganda ilipokuwa imepata uhuru mwezi uliotangulia. Remi ndiye mtu wa kwanza wa kabila lake kufika chuo kikuu. Ndugu yake amekufa, na mila inamtaka amrithi mjane, Thoni. Remi alimpenda Thoni zamani kabla hajaolewa na nduguye. Sasa anapewa kwa amri yule ambaye hakumpata kwa hiari, naye anaamini kwamba mwanamke huyo hakumpenda kamwe. Anakimbilia mjini, anapata kazi, na anakaa na msichana wa Kizungu, Jane. Huko kijijini wazee wanamtuma mtu kwa dawa ili arudi kuongoza kabila, na mchungaji anakwenda na Biblia ili arudi kwa Mungu. Msomaji atambue kwamba wote wawili wanamtaka Remi kwa kazi yao. Hakuna anayekwenda mjini kumwuliza Remi ana nini moyoni.

Jina la tamthilia hii lina maana kubwa. Mtawa hukimbia dunia ili akae na Mungu. Remi naye amekimbia, lakini amekimbilia katikati ya dunia, na utawa wake ni wa mtu asiye na wa kukaa naye. Mji haukumpa imani mpya badala ya zile mbili alizoziacha. Ulimpa nafasi tu. Anaporudi kijijini anawakemea wazee na mchungaji kwa pamoja, kwa maneno makali yenye haki nyingi. Na wakati anaponguruma hivyo, Thoni anaondoka na kujiua. Barua inayoeleza kwamba alimpenda tangu mwanzo inamfikia Remi akiwa amekwisha kuchelewa. Yule aliyekuja kuvunja ukabila na mila amemvunja mtu mmoja tu, tena asiye na kosa.

Kwa ufundi wa jukwaa tamthilia hii ni kazi ya kijana. Watu wake huhutubia mahali ambapo wangezungumza. Hata hivyo hukumu yake ni ya kiungwana, kwa kuwa haimwachii msomi akae kitini pa hakimu. Malimwengu nayo yana makosa yao: yaweza kusema kweli juu ya watu wote kwa jumla, yakamsahau mtu mmoja aliyeko mlangoni. Kanisa lilihubiri upendo wa jirani likamsahau Thoni. Mila ilihubiri ujamaa ikamsahau Thoni. Na mwana wa chuo kikuu alihubiri uhuru, naye akamsahau vile vile.

Ngugi mwenyewe alilisema jambo lake hadharani Machi 1970, mbele ya mkutano mkuu wa Kanisa la Presbiteri la Afrika ya Mashariki mjini Nairobi, alipotamka kwamba yeye si Mkristo. Baada ya hapo aliliacha jina lake la ubatizo, James. Walakini hotuba hiyo ililipima kanisa kwa mafundisho ya kanisa lenyewe: lilikuwa upande gani maskini walipoonewa, na kwa nini lilikaa karibu na wenye nguvu. Oktoba mwaka huo huo Julius Nyerere, Mkatoliki asiyeficha imani yake, aliwaambia masista wa Maryknoll huko New York maneno yaliyokaribiana na hayo, kwamba kanisa lisiposhiriki katika kupigana na mifumo inayowaweka watu katika umaskini, litaonekana kuwa halina maana kwa maskini. Mmoja alikuwa nje ya mlango, mwingine ndani, nao waligonga ubao ule ule.

Katika Tanzania wakati huo mlango wenyewe ulikuwa ukibadilishwa. Kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 serikali ilizichukua shule zilizokuwa mikononi mwa mashirika ya dini, ili mtoto asibaguliwe kwa sababu ya dini yake. Mtumishi sasa alikuwa na nyumba yake kwa sheria. Miaka miwili baadaye, mwaka 1971, ilitoka riwaya ya Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, mwana wa Ukerewe aliyepata kusoma katika seminari ya Nyegezi kabla ya kufika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Jina la riwaya hiyo ni sala. Rosa Mistika, yaani waridi lenye fumbo, ni mojawapo ya sifa za Bikira Maria katika litania ya Loreto, iliyokubaliwa na Papa Sixtus wa Tano mwaka 1587. Wazazi waliompa binti yao jina hilo walimwekea usafi kuwa ahadi. Lakini ahadi hiyo inalindwa na nani? Inalindwa na Zakaria, babaye, mlevi na mkali, ambaye kwa barua moja tu ya mvulana anampiga binti yake na kumwaibisha, tena anampiga marufuku asionekane na wavulana. Kutoka mikononi mwa baba huyo Rosa anakwenda shule ya bweni ya wasichana, na baadaye chuo cha ualimu Morogoro. Hakuna aliyemfundisha namna ya kuzungumza na mwanamume, wala namna ya kukataa, wala namna ya kupenda. Ua ulipofika mwisho, Rosa hakuwa na kitu ndani yake cha kumshika. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Na ulimwengu uliomfunza Rosa ulikuwa na watu wazima wenye vyeo, waliopaswa kuwa walezi wake.

Rosa anapotaka kuyaanza maisha upya, Charles, mchumba wake, anamkataa kwa kuwa si bikira. Rosa anajiua. Hapa Kezilahabi amefika mahali ambapo Okot na Ngugi hawakufika. Charles ni kijana wa kisasa. Hamwambii Rosa kwamba amemkosea Mungu, wala hamwambii kwamba amewavunjia heshima wahenga. Amechukua kutoka katika dini sheria ya usafi, akaiacha toba. Amechukua kutoka katika malimwengu uhuru wa kuchagua, akaiacha huruma. Katika kanisa la Rosa mna kitubio, na mwenye dhambi huondoka pale akiwa amesamehewa. Katika ulimwengu wa Charles hamna kitubio. Hukumu imebaki, msamaha umepotea njiani. Kama yuko mtu anayetaka kuonyeshwa hatari ya zama hizi kwa mfano mmoja, mfano ndio huo.

Yaliyotokea baada ya kitabu kutoka yanathibitisha yaliyomo kitabuni. Rosa Mistika ilipigwa marufuku katika shule za Tanzania kwa muda, kwa kuwa ilionekana kuwa inasema mambo yasiyowafaa vijana. Waliokataza walikuwa na nia njema, kama Zakaria naye alivyoweza kudai kwamba ana nia njema. Waliona barua mkononi mwa binti, wakaichana. Hawakuuliza kwa nini binti aliihitaji barua hiyo. Kitabu kilichosema kwamba ua hautoshi kilijibiwa kwa kujengewa ua, na vijana waliendelea kukisoma.

Katika riwaya yake ya pili, Kichwamaji, ya mwaka 1974, Kezilahabi alikwenda mbali zaidi. Kazimoto, mwanafunzi wa chuo kikuu, hagombani na padre wala na baba. Anatazama vifo vya nyumbani kwake, chuki na ugonjwa, na haoni mkono wa Mungu popote. Hana hata hasira ya Lawino, kwa kuwa hasira humtaka mtu wa kukasirikiwa. Naye pia mwisho wake ni kujiua. Wako waliosema kwamba mawazo haya yameazimwa Ulaya. Yamkini mtungaji alisoma vitabu vya huko. Lakini safari toka Muthoni hata Kazimoto yaweza kufuatwa hatua kwa hatua hapa hapa nyumbani. Muthoni alitaka vyote viwili. Remi alivikataa vyote viwili. Rosa hakupewa hata kimoja kwa ukweli wake. Na Kazimoto hakuona tena kama kuna cha kupewa.

Jambo moja halina budi kusemwa juu ya watungaji hawa bila kuwapendelea. Katika kazi hizi zote hamna muumini aliyechorwa kwa ukamilifu kutoka ndani. Joshua ni sheria yenye miguu. Mchungaji wa Remi ni Biblia iliyotumwa safari. Walimu wa Lawino ni sauti zinazokaripia. Watu wa namna hii wapo, wala si kosa kuwaonyesha. Lakini wapo pia katekista aliyetembea kwa miguu kijiji hata kijiji pasipo ujira wa maana, mama anayesali alfajiri kabla ya kwenda shambani, na padre anayelala na shaka zake na kuamka nazo akasoma misa. Fasihi isiyowaona hawa imeitazama dini kama Ocol alivyoitazama, kwa nje. Msomaji wa Al-Inkishafi aweza kutoamini yale aliyoyaamini Sayyid Abdallah, na bado akatetemeka, kwa sababu amepelekwa ndani ya moyo unaoamini. Hilo bado ni deni la riwaya.

Walakini si haki kuwaita watungaji hawa maadui wa imani. Kesi yao wanaiendesha kwa mizani waliyopewa na kanisa. Wakiuliza habari za mjane aliyesahauliwa, za binti aliyenyimwa msamaha, za mtu aliyetakiwa kukariri asichokielewa, wanauliza kwa dhamiri iliyofunzwa kwamba kila nafsi ina thamani. Mila za kweli nazo zilijua thamani hiyo, kwa lugha yake. Malimwengu yenyewe ndiyo ambayo hayajaonyesha bado kwamba yaweza kumlea mtu kama Rosa, akaanguka, akainuliwa.

Kwa hiyo swali ambalo maandishi haya yanauacha mlangoni pa kila mzazi, mwalimu na mchungaji si kama dini itashinda au malimwengu yatashinda. Ua wa dini umekwisha kuanguka, wala hautajengwa tena kwa viboko au kwa marufuku, maana shule iko wazi na barabara inapita mbele ya nyumba. Swali ni kitu gani mtoto atakuwa nacho ndani yake siku atakapoufuata mwendo wa barabara hiyo. Muthoni alikuwa nacho, naye alikufa akikishika, na wazee wa pande zote mbili walikuwa wakibishana juu ya mwili wake. Wangalimwuliza alipokuwa hai, pengine angaliwaambia.